Mke wa Bwana Vipimo Aenda Homa Bay

Mellen alikuwa na miaka thelathini na mitano na hakuwa amelala hata siku moja kwenye kitanda alichotandikiwa na mtu mwingine. Nayajua haya kwa sababu meza yake ya mahindi na maharagwe katika soko la Migori ilipakana na yangu ya wimbi, na kwa miaka saba tuliambiana kila kitu, hata mambo ambayo mtu angepaswa kumwachia Mungu peke yake. Kwa hiyo ninayoyasimulia niliyapata kinywani mwake. Mahali nitakapotia chumvi mtanisamehe, lakini yale ya kushtua zaidi nimeyaacha kama yalivyo.

Alizaliwa upande wa Kehancha, kwenye boma la ng'ombe na tumbaku, mtoto wa tatu kati ya tisa. Alisoma mpaka darasa la saba, akalea wadogo zake, akaolewa na Elkanah Mwikwabe, akaanza kulea watoto wake mwenyewe. Huyo Elkanah alikuwa afisa wa vipimo, na mjini hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Bwana Vipimo. Mara moja kwa mwaka alipima mizani za wenye maduka na kuzigonga muhuri wa serikali, na siku nyingine alivamia masoko bila kupiga hodi, akitafuta wanaowapunja wateja. Ukishikwa unaandikwa, unaitwa kortini. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mzee wa kanisa, na ugali wa watoto wake aliukata huku ameuinamia aone kama vipande vinalingana. Sisi tulimcheka. Mellen alisema ni kama kuolewa na Amri Kumi, lakini alisema hivyo kwa fahari.

Elkanah alikuwa na karani mmoja, Bichage, Mkisii mnene mwenye kicheko cha kuamsha watoto waliolala. Bichage ndiye aliyebeba sanduku la mawe ya mizani na kuandika vitabu. Walikuwa pamoja miaka sita. Alikula kwa Mellen kila Jumatano, na watoto wa Mellen walimwita baba mdogo ingawa hawakuwa na damu moja.

Basi, Agosti ya mwaka wa tisini na saba, Elkanah akapangiwa siku nne za kazi mjini Homa Bay. Mellen akaamua kwamba mwaka huo lazima naye aende.

"Homa Bay utafanya nini?" Elkanah alimwuliza.

"Nitakaa."

"Utakaa?"

"Nitakaa tu, Baba Robi. Niamke asubuhi nikute mtu mwingine amepika chai. Nione ziwa. Nikichoka kukaa, nilale."

Elkanah alilipima ombi hilo siku mbili nzima, kisha akakubali. Mama mkwe akaja kukaa na watoto. Mimi nikabaki na meza mbili za kulinda, yake na yangu, na wivu ambao sioni haya kuutaja.

Walifika Jumanne kabla ya saa sita. Chumba cha gesti kilikuwa na shuka nyeupe, taa ya umeme na kasabuni kadogo kalikofungwa kwa karatasi. Mellen alikanusa, akakatia kwenye mkoba, hakukatumia hata kidogo. Waliposhuka kula, msichana wa hoteli alimwuliza kama kesho angependa mayai ya kuchemsha au ya kukaanga. Mellen alipigwa na butwaa. Katika maisha yake alikuwa amepika mayai yasiyohesabika, na hakuna mtu aliyewahi kumwuliza yeye anayapenda vipi. Ilibidi Elkanah ajibu kwa niaba yake.

Wakiwa wanakula, Elkanah akaangalia kushoto na kulia, akashusha sauti.

"Kesho asubuhi usiende soko la omena."

"Kwa nini?"

"Tunaingia huko saa mbili, mimi na Bichage. Kutakuwa na kelele. Sitaki mtu akuone ukitembeatembea hapo kama mke wangu."

Mellen akasema sawa. Ni kweli alikusudia iwe sawa.

Mchana ule Elkanah alikwenda kwa chifu kutengeneza mambo ya mizani, na Mellen akashuka peke yake kuliona ziwa. Aliufuata mteremko hadi nyumba zilipoisha, akaona shamba. Shamba la kijani, pana, limeenea hadi macho yasipofika, na juu yake ndege weupe wanatembea kwa miguu yao. Akadhani amepotea. Akamwuliza mwanamke aliyekuwa akigeuza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, juani kwenye wavu chakavu.

"Dada, ziwa liko wapi?"

Mwanamke akamwangalia, akaangusha ufagio wake, akacheka hadi akashika kiuno, akamwita dada kwa Kijaluo.

"Nyaminwa, si hii ndio ziwa! Iko hapo chini. Hiyo gugu maji imekalia yeye kama shemeji ameletwa na njaa."

Mellen alishtuka kweli. Alikuwa amengojea ziwa miaka thelathini na mitano, na sasa amefika amekuta limefunikwa kama sufuria. Akakaa chini pale pale kwenye mchanga. Mwanamke yule, ambaye jina lake lilikuwa Teresa, akamwonea huruma, akamletea kigoda, na wakaanza kuongea kama watu waliosoma pamoja. Teresa alimweleza jinsi mashua zilivyofungiwa na gugu, watu wakijaribu kupita wanakwama humo tangu asubuhi mpaka jioni.

"Sasa omena inatoka Mfangano na Mbita," Teresa alisema. "Ikifika hapa imepanda bei, na customer anataka bei ya zamani. Mimi nifanye aje? Niko na watoto tano na mzee amelala tu, mguu imevunjika."

Jua lilipoanza kulegea, Teresa alisema mgeni haondoki mikono mitupu. Akachukua gorogoro lake, ule mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili ambao kwetu ndio mizani ya maskini, akaujaza omena, akamwagia Mellen kwenye leso. Kisha akajaza tena, akamwagia. Bure kabisa. Na hapo Mellen aliona kitako cha mkebe. Kilikuwa kimebondwa kuingia ndani kiasi cha vidole vitatu, na juu yake, kwa upande wa ndani, umebandikwa mduara wa katoni ili jicho lisione. Anayenunua kwa mkebe kama huo anadhani amejaziwa, kumbe robo nzima imebaki kwa muuzaji.

Mellen alipaswa kushukuru na kwenda zake. Tenda wema nenda zako, ndivyo wazee walivyosema, na walisema hivyo kwa sababu walijua kinachompata anayechelewa kuondoka. Lakini alikuwa amekalishwa kigodani, amepewa omena, amechekeshwa. Akaugonga ule mkebe kwa kidole.

"Dada, kesho asubuhi usitoke na huu."

Teresa aliinua uso. Akamwangalia Mellen, akauangalia mkebe.

"Ero kamano, nyaminwa," alimshukuru kwa Kijaluo. Hakuuliza kitu kingine.

Mellen alipoyafikisha hapa akinisimulia, nilimpiga bega. Nilimwuliza, wewe kichwa chako ulikiacha Migori? Akasema hakuwaza soko zima, aliwaza mtu mmoja. Hajui kuwa soko halina mtu mmoja! Ukimwambia mwanamke mmoja wa sokoni, umegonga kengele ya kanisa.

Jumatano saa mbili Elkanah na Bichage waliingia soko la omena wakiwa na kipimo cha shaba cha serikali, tayari kumimina maji mkebe kwa mkebe. Hawakupata hata gorogoro moja baya. Wenye mikebe mizima walikuwa wameitoa, mingine imesuguliwa inang'aa. Waliokosa mkebe mzima walikuwa wakiuza kwa mafungu, soko lote mafungu, kama watu ambao hawajawahi kusikia habari za mkebe. Wakinamama waliinuka kumsalimu. Mmoja akamtolea kiti. "Karibu, afisa, tumekungoja," alisema mwingine, na soko likapasuka kwa kicheko. Bichage naye, masikini, akacheka.

"Mkubwa, hawa watu wana majini," alisema wakitoka.

Jioni hiyo Mellen aliisikia habari yote kutoka kwa Bichage mwenyewe mezani. Alitamani kusema. Akamwangalia mumewe akikata samaki sawasawa pande zote mbili za mfupa, na maneno yakarudi tumboni.

Alhamisi mchana, kazi ya kugonga mihuri ilipokwisha, Elkanah aliandika barua chumbani, akaiacha mezani wino ukauke, akaenda kuoga. Mellen alikuwa akikunja mashati. Barua ilikuwa ya Kizungu, lakini Kizungu cha darasa la saba kilimtosha: jina la Bichage, soko la Homa Bay, siri ya kazi, na kufukuzwa.

Elkanah alipotoka, taulo begani, alimkuta amekaa sakafuni na shati mkononi.

"Baba Robi, si Bichage."

Elkanah akafunga mlango.

"Ni mimi. Nilimwambia mwanamke mmoja Jumanne. Nilimwambia asitoke na mkebe wake, basi. Ichane hiyo barua. Ni mimi."

Alitegemea ukali. Alitegemea labda hata kofi, ingawa Elkanah hakuwahi kumwinulia mkono. Hakutegemea kile alichosikia.

"Najua," Elkanah alisema.

"Unajua?"

"Tuliojua saa ni watatu. Bichage juzi mchana mpaka usiku nilikuwa naye, kwa chifu na kupanga mawe. Na yule mama mwenye omena alikusalimia kwa mkono mbele ya gesti. Najua tangu jana."

Mellen aliniambia kwamba wakati huo masikio yake yalivuma kama ameingiwa na maji. Alimwangalia mtu huyu aliyemzalia watoto wanne, akaona hamjui.

"Sasa kama unajua, kwa nini umeandika yeye?"

"Nani mwingine nimwandike?" Elkanah alijibu, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, hilo ndilo lililomtisha. "Soko la Migori limeonywa mara mbili kabla tufike. Monari, mkubwa wetu wa Kisii, ameniambia ikitokea mara ya tatu anataka jina. Nisipompa jina, jina ni langu. Nikimpa lako, jina ni langu vilevile. Watoto wale nini?"

"Na watoto wa Bichage?"

Elkanah aliikunja barua mara tatu, mikunjo iliyolingana, akaitia katika bahasha ya kahawia na kuilamba gundi.

"Ulijuaje mkebe wa yule mama ni mbaya?" aliuliza ghafla.

Mellen akafungua mdomo. Elkanah akainua mkono haraka.

"Hapana. Usiniambie."

Kikulacho ki nguoni mwako, na kuna watu ambao hawataki kuivua hiyo nguo waone. Mellen alilala usiku huo juu ya shuka nyeupe macho kodo. Asubuhi walimletea mayai ya kukaanga, hakuyagusa.

Ijumaa walisafiri wote watatu hadi Rongo, ambako njia zinagawanyika. Elkanah na mkewe walikuwa waelekee Migori, Bichage aende Kisii kwa mkubwa wao, kama ilivyokuwa desturi yao kila mwisho wa safari: karani hupeleka ripoti kwa mkono, afisa hurudi nyumbani na sanduku. Stendi ilikuwa imejaa. Elkanah akafungua mkoba, akatoa ripoti, na juu yake ile bahasha ya kahawia.

"Mpe Monari mwenyewe," alisema. Alikuwa akivitazama viatu vyake.

"Sawa, mkubwa."

Bichage aliitia mfukoni mwa shati, upande wa moyo, akaipigapiga isije ikaanguka. Kisha akamgeukia Mellen na kichane cha ndizi mbivu alichokuwa amenunua dirishani.

"Mama Robi, hizi ni za watoto. Waambie baba mdogo atakuja Jumatano."

Mellen alizipokea. Alisema zilikuwa nzito kuliko gunia. Alimwangalia mumewe kumpa nafasi ya mwisho, na mumewe akazidi kuvitazama viatu.

"Bichage," alisema, "hiyo barua inakufukuza kazi."

Bichage alicheka. Alicheka kwa sababu Mellen alizoea kumtania. Halafu akaona uso wa Elkanah, na kicheko kikabaki mdomoni hakina pa kwenda.

"Ni kweli, mkubwa?"

"Mama Robi, panda gari," Elkanah alisema. "Linajaa."

"Mkubwa, nimeuliza. Ni kweli?"

"Niliyewaambia watu wa omena ni mimi," Mellen alisema, na watu wawili watatu wa stendi wakageuka kusikiliza. "Yeye anajua ni mimi. Amekuandika wewe."

Bichage hakupiga kelele. Wanene wacheshi hatujui wakiumia wanafanyaje kwa sababu hawatuonyeshi. Alisimama tu, mkono juu ya mfuko wa shati, akipumua kwa mdomo. Miaka sita alikuwa amelibeba lile sanduku la chuma mpaka bega moja likashuka kuliko lingine.

"Panda gari," Elkanah alirudia.

Mellen alipanda. Lakini alipanda la Kisii. Alikaa dirishani na kichane cha ndizi mapajani, akamwambia Bichage aje, na Bichage akaja. Alimngojea Elkanah kwa macho. Ilikuwa hatua kumi tu. Elkanah aliliangalia gari la Kisii, akaliangalia la Migori, akainua sanduku lake na kuingia la Migori. Mellen ananiambia katika yote yaliyompata wiki ile, hilo ndilo hajalimeza hadi leo.

Monari alikuwa mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliisoma barua, akamsikiliza Mellen hadi mwisho bila kumkatiza, akavua miwani.

"Mama, unajua unamfanyia nini mume wako?"

"Najua, mkubwa."

"Na bado unasema?"

"Huyu hakukosa kitu."

Monari alimwangalia Bichage, ambaye alikuwa amesimama ukutani anatoka jasho.

"Homa Bay nimeelewa. Lakini kuna kitu sielewi. Mkebe uliobondwa vizuri, makarani wangu wengine wanamaliza mwaka kabla wajue kuutambua. Wewe ulijuaje kwa kuangalia mara moja?"

Lilikuwa swali lile lile. Safari hii hakuna mtu aliyeinua mkono kumzuia.

"Kwa sababu wangu uko hivyo," Mellen alisema. "Niliubonda na mchi mwaka ule wa ukame, na sikuurudisha. Niko na mwingine mzima. Hata Migori, hizo mara mbili, ni mimi. Mume wangu akitaka kuvamia soko, jioni analeta kile kipimo cha shaba nyumbani, anakisugua na majivu. Nikikiona, kesho yake natoka na mkebe mzima. Wenzangu wananiangalia mimi."

Wenzake ndio sisi. Naandika haya uso unaniwaka. Kila siku tuliyoona mkebe mzima kwenye meza ya Mellen tulibadilisha yetu, na hakuna siku tuliyomwambia. Alikuwa ameligundua mwenyewe, akanyamaza asituaibishe.

Monari alichukua ile barua, akaandika kitu juu yake kwa wino mwekundu, akaifungia kwenye droo.

"Bichage, kazi ni yako."

"Asante, mkubwa," Bichage alisema, na machozi yakamtoka mbele ya watu.

"Umesikia mama alivyosema?"

"Nimesikia."

"Basi ifanye."

Bichage hakuelewa mara moja. Alipoelewa alimwangalia Monari, akamwangalia Mellen, na Mellen akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu yeye alishaelewa. Bichage akatoa kitabu cha makosa kwenye mkoba. Ilibidi apanguse mikono kwenye suruali mara mbili. Mwanamke aliyempikia kila Jumatano miaka sita, Bichage akamwuliza jina lake kamili, naye akamtajia herufi kwa herufi. Akamwuliza kazi, soko, namba ya meza. Mellen alijibu yote.

"Sanduku la posta?" Bichage aliuliza.

Mellen hakuwa na sanduku. Wake wa wafanyakazi wa serikali hawakuwa na lao, walitumia la afisi ya mume. Akamtajia namba, na Bichage akaiandika polepole, ingawa aliijua kuliko jina lake, maana ufunguo wa sanduku lile alikaa nao yeye. Alhamisi iliyofuata yeye mwenyewe aliitoa sandukuni hati ya kumwita Mellen kortini, pamoja na barua nyingine za siku hiyo, akazipanga mezani mbele ya Elkanah ili azifungue.